Kamera ya Usiku: Tuliyoyaona Songea

Wanachama wetu wapenzi,

Katika mkutano mkuu uliopita wengi wenu mliinuka mkataka Chama kinunue kamera za kulinda uwanja wa kuanikia karafuu na ghala. Sababu tunaijua sote. Mtu huchuma mchana kutwa, akachambua makonyo na watu wa nyumbani kwake hata usiku mwingi, akaanika, na siku ya tatu akienda kutazama alfajiri anakuta jamvi limepunguka. Halmashauri iliona vema, kabla ya kutoa fedha za wanachama, iwatume watu kwa wakulima wenzetu wa bara waliokwisha kuvitumia vyombo hivyo. Basi sisi watatu tukavuka bahari, tukashika njia ya Morogoro, Iringa, Makambako na Njombe hata Songea, mkoa wa Ruvuma, kwenye ghala la mahindi la wakulima wenzetu.

Tulipokewa kwa ukarimu mwingi. Songea ni nchi ya juu, na mwezi wa Juni na Julai baridi yake si mchezo kwa mtu wa pwani. Kila mtu huvaa koti usiku. Tunalitaja koti kwa sababu habari yetu yote imo ndani yake.

Wenyeji wetu hawakutuficha kitu. Walituambia kuwa usiku mmoja gunia liliibwa, na kamera ilipofunguliwa asubuhi ilionyesha mtu amelipa mgongo, ana gunia begani na koti jeupe mwilini. Uso hauonekani. Katika wapagazi wote wa ghala, mwenye koti jeupe alikuwa kijana mmoja tu. Akaitwa, akasema, "Mzee, koti kama hilo ninalo, lakini usiku ule nililala kwangu." Hakusadikiwa. Watu walisema kamera haina ugomvi na mtu, kwa nini imsingizie? Kijana akaachishwa kazi, na mtaani akapata jina baya.

Zikapita wiki kadhaa. Usiku mmoja mlinzi mzee, mwenye koti jeusi la kiwandani, alipita mbele ya kamera ile ile kufunga mlango. Asubuhi mwenyekiti alipotazama picha alishituka: mlinzi amevaa koti jeupe pe! Akamwita, "Baba, koti hili jeupe umelitoa wapi?" Mzee akajibu, "Bwana Mwenyekiti, mimi koti ninalo hili moja tu, na unaliona lilivyo."

Sisi tulipohadithiwa hatukuamini, tukaomba tuonyeshwe. Usiku ule mmoja wetu alisimama mbele ya kamera na koti lake jeusi, mwengine na kanzu nyeupe. Katika picha wote wawili walitoka weupe, na hapana awezaye kusema yupi ni yupi kwa nguo. Ajabu ni kuwa kofia nyeusi ya sisi wa tatu ilibaki nyeusi vile vile.

Mwalimu wa fizikia wa skuli ya sekondari, rafiki wa wenyeji wetu, alitueleza sababu, nasi tunaieleza hapa kama tulivyoifahamu.

Jicho la binadamu huona mwanga tangu zambarau hata wekundu, yaani baina ya nanometa 400 na 700 hivi, na nanometa moja ni sehemu moja katika milioni ya milimita. Ukivuka wekundu uko mwanga mwengine usioonekana, uitwao infraredi. Aliyeugundua ni William Herschel huko Uingereza mwaka 1800. Alipasua mwanga wa jua kwa kipande cha kioo ukatoka rangi zake, akaweka kipimajoto nje kidogo ya wekundu, mahali palipoonekana hapana kitu, akakuta joto limezidi.

Sasa, ndani ya kamera ya dijitali hamna filamu. Mna kipande cha silikoni kiitwacho sensa, kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Silikoni haikomi pale jicho linapokoma, bali huhisi hata nanometa 1,100 hivi. Kwa hiyo watengenezaji huweka mbele yake chujio la kuzuia infraredi, ili picha ifanane na tuyaonayo. Chujio likiwa dhaifu, rangi huharibika. Mwaka 2006 kampuni ya Leica ya Ujerumani ilitoa kamera ya bei kubwa, M8, na nguo nyeusi za nyuzi za kiwandani zikawa zinatoka za zambarau. Kampuni ikalazimika kuwapa wanunuzi machujio mawili ya kufunga mbele ya lenzi.

Kamera ya ulinzi hutumia udhaifu huo kwa makusudi. Mchana chujio hukaa mahali pake. Giza likiingia, mota ndogo hulisogeza kando, na taa za infraredi, aghalabu za nanometa 850 au 940, huwaka bila mwizi kuziona vyema. Lakini mwanga huo haujui nyeusi wala nyekundu yetu. Rangi nyingi za nguo humeza mwanga tunaouona, ama infraredi huuacha upite, ukagonga uzi, ukarudi; ndipo nguo nyeusi ikawa nyeupe. Rangi iliyotiwa masizi huumeza, ndipo nguo nyengine nyeusi ikabaki nyeusi. Majani mabichi huurudisha kwa wingi, hata mkarafuu ukatoka kama uliopakwa chokaa. Ngozi za watu nazo hukaribiana, mweusi na maji ya kunde wakawa karibu sawa. Hata wino wa kalamu nyingi hupotea, na alama tuliyoiandika juu ya gunia isionekane.

Asiyesadiki na achukue rimoti ya televisheni, aielekeze kwenye kamera ya simu, hasa ile ya mbele, kisha abonyeze. Mara nyingi ataona taa ikiwaka katika picha, na kwa jicho lake haoni kitu.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Lakini kamera hii ina macho yasiyokuwa yetu, nasi tusipoambiwa tutatazama tusione.

Kwa hayo, hatusemi kamera zisinunuliwe. Kamera hutuambia saa ambayo mtu aliingia, njia aliyopita, na alichochukua. Tunaishauri Halmashauri mambo haya manne:

Kwanza, pasiwe na mwanachama, mpagazi wala mchumaji atakayetuhumiwa kwa rangi ya nguo au ya ngozi katika picha ya usiku. Hiyo si ushahidi.

Pili, mlangoni mwa ghala iwekwe taa ya kawaida inayowaka mtu akikaribia, ili kamera ipige picha kwa mwanga tunaoufahamu na rangi zake.

Tatu, kabla ya msimu tujaribu magunia na alama zetu mbele ya kamera usiku, na tuandike kwa rangi inayobaki.

Nne, kila wiki picha za mchana zitazamwe. Majani yakitoka ya waridi na nguo nyeusi za zambarau, chujio limekwama kando, aitwe fundi. Wala asiruhusiwe mtu kulitoa kwa makusudi. Mwaka 1998 kamera za Sony za kuonea gizani zilipotumiwa mchana na chujio jeusi, zilionekana kupenya baadhi ya nguo nyembamba, hata kampuni ikazibadilisha. Wake zetu na mabinti zetu huchambua karafuu katika uwanja huo huo, na heshima yao ni amana yetu.

Mtauliza yule kijana wa Songea yu wapi. Mwenyekiti alikwenda mwenyewe kwao, akamtaka radhi mbele ya wazazi wake, na tulimkuta amerudi kazini. Tulimwuliza kama ana kinyongo. Akasema, "Kazi wamenirudishia, wazee wangu. Jina ndilo bado nalidai."

Gunia la karafuu likipotea, Mungu akipenda mkarafuu utazaa tena. Basi tusije tukalinda karafuu kwa kupoteza jina la mtu.

Sisi watumishi wenu,
kwa niaba ya ujumbe wa Songea,
Katibu wa Chama