Je, Ni Haki Mkristo Kuua Mnyama kwa Kujifurahisha?



Huku kwetu Kyela wanyama wa porini siyo hadithi. Usiku kiboko hutoka majini akaingia katika mpunga. Mamba huvizia mtoni, pale akina mama wanapochota maji. Nguruwe mwitu na ngedere hula mahindi yetu. Kwa hiyo kuua mnyama siyo jambo geni. Wazee wetu waliwinda, na nyama ya porini ililiwa.

Lakini kuna kuua kwa namna nyingine. Mtu hana njaa. Shamba lake halijaliwa. Hajatishwa na mnyama yeyote. Anataka tu kulenga shabaha, apige picha, kisha atundike pembe ukutani. Huko ndiko kuwinda kwa kujifurahisha. Je, Mkristo aseme nini? Hebu tulitazame jambo hili polepole.

ULIANZAJE KWETU?

Mwaka 1896, wakati wa Wajerumani, Gavana von Wissmann alitoa amri juu ya uwindaji. Kuwinda kukataka leseni. Leseni ni ruhusa ya maandishi, nayo hulipiwa. Basi tangu enzi za wakoloni mwenye fedha na bunduki akaitwa mwindaji. Mwanakijiji mwenye mkuki na mbwa akaitwa jangili, yaani mtu anayewinda bila ruhusa.

Mwaka 1909 alikuja Afrika Mashariki Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, pamoja na mwanawe Kermit. Wao wawili waliua wanyama 512 kwa hesabu yao wenyewe. Ni kweli, ngozi nyingi zilipelekwa katika nyumba ya makumbusho ili watu wajifunze. Nyama nyingine ililiwa na wapagazi. Lakini raha ya kuwinda ilikuwemo, wala hawakuificha.

Baada ya Uhuru serikali yetu ilisimamisha uwindaji mwaka 1973. Mwaka 1978 uwindaji wa watalii ukafunguliwa tena, na upo hadi leo. Wenzetu wa Kenya walipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Kwa hiyo hata nchi jirani hazikukubaliana.

BIBLIA INATUFUNDISHA NINI?

Kwanza, kuwinda kwenyewe siyo dhambi. Baada ya gharika, Mungu alimruhusu Nuhu na wanawe kula nyama (Mwanzo 9). Esau alikuwa mwindaji, na Isaka baba yake alipenda kula mawindo yake. Mtu anayewinda ili watoto wale hana sababu ya kuona aibu mbele ya Mungu.

Pili, ruhusa hiyo ina mpaka. Aliyewinda mnyama au ndege aliagizwa amwage damu chini na kuifunika kwa udongo (Walawi 17). Kwa nini? Kwa sababu damu ni uhai, na uhai ni wa Mungu. Hata mwindaji mwenye njaa alitakiwa asimame kidogo, akumbuke kwamba ametoa uhai asioweza kuurudisha.

Tatu, ukikuta ndege na makinda kiotani, unaweza kuchukua makinda, lakini mama yao umwache aende (Kumbukumbu la Torati 22). Sisi tunaona hapo fundisho la kutomaliza vyote.

Nne, wanyama wa msituni wana mwenyewe. Zaburi ya 50 inaeleza kwamba wote ni mali ya Mungu. Naye Yesu alifundisha kwamba hata shomoro, ndege wa bei ndogo kabisa sokoni, haanguki bila Baba kujua (Mathayo 10).

Wengine watasema: "Mbona Mwanzo 1 inasema mwanadamu atawale wanyama?" Ni kweli. Lakini kutawala ni nini? Mtu akikukabidhi ng'ombe wake uwachunge, unawatawala. Waweza kuwakamua na kuwafunga. Je, waweza kumchinja mmoja ili tu uone jinsi anavyoanguka? Mwenyewe akirudi utamjibu nini?

HOJA YA FEDHA

Wako wanaotetea uwindaji wa watalii, na hoja yao ina uzito. Wanasema mtalii hulipa fedha nyingi kwa mnyama mmoja. Fedha hizo hulipa askari wa wanyamapori. Vijiji vyenye eneo la hifadhi navyo hupata fungu. Pasipo fedha, wanasema, pori litageuzwa mashamba na majangili watamaliza wanyama.

Sisi hatuipuuzi hoja hiyo. Ni kazi ya serikali na wananchi kuipima: je, fedha zinafika kijijini kweli? Je, nyama inaliwa au inaoza? Lakini fedha hujibu swali la faida tu. Haijibu swali la moyo. Mtu akilipa ili apate raha ya kuua, malipo yake yanaweza kujenga darasa, na bado raha yenyewe siyo njema. Tunavyoona sisi, Mkristo aue kwa haja: chakula, au kulinda watu na mazao. Asiue kwa raha.

Kuna jambo lingine linalouma. Mmoja anaua kwa ajili ya picha, anapongezwa. Mwingine anaua kwa ajili ya kitoweo, anafungwa. Sheria lazima tuitii, maana bila sheria wanyama wataisha. Lakini kutii siyo kunyamaza. Tulisemee jambo hili katika mkutano wa kijiji na kanisani pia.

TUSIWANYOSHEE KIDOLE WAGENI TU

Tuangalie na kwetu. Watoto wanapita na manati, wanapiga ndege, wanawaacha njiani. Hawawali. Vijana wanatoka na mbwa kwa mchezo tu. Huo nao ni uwindaji wa kujifurahisha, ingawa hauna leseni wala bunduki.

Hapo juu yetu, katika misitu ya Mlima Rungwe na Kitulo, anaishi kima aitwaye kipunji. Wawindaji wa Rungwe walimjua zamani. Wao ndio waliowaeleza watafiti habari zake, na watafiti wakamwona mwaka 2003. Mwaka 2005 dunia nzima ikatangaziwa. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilionyesha kwamba walikuwa kama 1,100 tu. Mitego na mbwa wa kuwindia ni hatari kubwa kwake. Kima huyu hayuko Ulaya wala Marekani. Sisi ndio majirani zake.

TUFANYE NINI?

1. Kiboko au mamba akisumbua, toeni taarifa mapema kwa ofisa wa wanyamapori. Aliyelazimika kuua ili kuokoa maisha au mali atoe taarifa mara moja. Ndivyo Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 inavyotaka.

2. Mnyama akiuawa, asiteswe. Mithali 12:10 inamsifu mtu anayejali uhai wa mnyama wake. Neno hilo ni la mifugo, lakini huruma haina zizi.

3. Tuwafundishe watoto kwamba manati siyo mchezo. Asichokila mtoto, asikiue.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

Someni habari hii pamoja, kisha mjadiliane:

(a) Kuna tofauti gani kati ya kuua kwa haja na kuua kwa raha?

(b) Je, fedha za mtalii zinatosha kuhalalisha kuua simba au tembo?

(c) Katika kijiji chenu, ni wanyama gani waliokuwepo zamani na leo hawapo? Nani aliwamaliza, na kwa sababu gani?