Aliye juu tunamngojea nini chini?

Wahenga walinena kwamba aliye juu mngoje chini. Ni methali ambayo mtoto huisikia kabla hajajua kuandika jina lake, nami nilifundishwa maana yake kama walivyofundishwa wengine: usimhusudu aliyepanda, kwani mpanda ngazi hushuka. Miaka mingi nimeitumia methali hiyo katika mazungumzo na katika maandishi bila kuidadisi. Ni juzijuzi tu nilipojiuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa darasani: huyo angojaye huko chini ameshika nini mkononi? Je, amekunjua mikono ili amdake anayeanguka, au amekwisha kuokota mawe?

Swali hili lilinijia mwezi wa Februari mwaka wa 2024. Tarehe 11 ya mwezi huo Kelvin Kiptum, aliyekuwa ameishangaza dunia mjini Chicago kwa kukimbia marathoni kwa muda wa saa 2 na sekunde 35, alifariki katika ajali ya gari karibu na Kaptagat. Alikuwa na umri wa miaka 24. Nchi nzima iliduwaa. Siku nne baadaye, tarehe 15, Henry Rono naye akaaga dunia jijini Nairobi, siku tatu tu baada ya kutimiza miaka 72. Msiba wa kwanza ulikuwa umetukausha machozi, na huu wa pili ukapita kama mpita njia asiyebisha hodi. Vijana niliokuwa nimeketi nao waliposikia jina la Rono likitajwa redioni waliulizana, "Huyu naye alikuwa nani?"

Niliona haya, msomaji wangu. Sikuwaonea haya wao, maana hawakuwa wamezaliwa. Nilijionea haya mimi, kwa kuwa nilimjua fika na nilikuwa nimemsahau kwa kusudi.

Mwaka wa 1978 nilikuwa darasa la tano katika shule moja ya kijijini nyuma ya Malindi. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na redio ndogo ya betri, nayo ilikuwa hazina ya kijiji kizima. Gazeti lilitufikia likiwa limechelewa siku mbili au tatu, na mwalimu alilikunjua chini ya mwembe kama mtu anayekunjua msahafu. Mwaka huo alitusomea habari za kijana wa Kinandi aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, huko Marekani, ambaye alikuwa ameamua kuivunja kila rekodi iliyokuwa mbele yake.

Tarehe 8 Aprili, huko Berkeley, Rono alikimbia mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 8.4. Tarehe 13 Mei, mjini Seattle, akazimaliza mita 3,000 za kuruka viunzi na maji kwa dakika 8 na sekunde 5.4. Tarehe 11 Juni alikuwa Vienna, na mita 10,000 zikaisha kwa dakika 27 na sekunde 22. Tarehe 27 Juni, mjini Oslo, akafunga kazi kwa mita 3,000 za kawaida, dakika 7 na sekunde 32.1. Rekodi nne za dunia katika siku 81! Hapakuwa na mtu aliyewahi kufanya jambo kama hilo, na hadi ninapoandika haya hajatokea mwingine.

Mwalimu aliziandika tarakimu hizo ubaoni kwa chaki, akatufundishia kutoa. Hesabu ninayoikumbuka zaidi ni ile ya mita 10,000. Rekodi ya zamani ilikuwa ya Mkenya mwenzetu, Samson Kimobwa, na Rono aliipunguza kwa sekunde zipatazo 8. Mwalimu alitutaka tuhesabu kwa sauti kutoka moja hadi nane, polepole, ili tutambue mtu anaweza kuwa mbele kiasi gani katika muda huo. Sisi watoto wa pwani, ambao wengi wetu hatukuwa tumeuona mlima hata mmoja, tulianza kukimbia kwenda na kurudi shuleni. Nilikata picha ya Rono gazetini, nikaibandika kwa uji wa muhogo ndani ya jalada la daftari langu la hesabu.

Julai alitwaa dhahabu mbili katika Michezo ya Afrika kule Algiers. Agosti akatwaa nyingine mbili katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton. Tarehe 22 ya mwezi huohuo wa Agosti Mzee Jomo Kenyatta akafariki Mombasa, na taifa likaingia katika matanga. Ndivyo mwaka ule ulivyo akilini mwangu: furaha na msiba vikishikana mikono.

Lakini kulikuwa na taji moja ambalo Rono hakupewa hata nafasi ya kulipigania. Mwaka wa 1976 nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwamo, ziliondoka katika Michezo ya Olimpiki mjini Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu. Mwaka wa 1980 Kenya ikaungana na Marekani kuisusia michezo ya Moscow kwa sababu ya majeshi ya Kisovieti kuivamia Afghanistan. Sikebehi uamuzi wa 1976. Ubaguzi wa rangi ulistahili kupingwa kwa kila njia. Ninachosema ni kwamba wakubwa waliamua, na ankara ikapelekwa kwa mwanariadha. Miguu iliyokuwa bora kuliko yote duniani ilikalishwa kitako mara mbili, na hakuna aliyerudi kuuliza mwenye miguu hiyo analalaje usiku.

Tarehe 13 Septemba 1981, katika mji mdogo wa Knarvik nchini Norwei, Rono aliivunja tena rekodi yake ya mita 5,000 kwa kukimbia dakika 13 na sekunde 6.20. Wakati huo alikuwa amekwisha kuingia katika mapambano na pombe. Dunia ilipiga makofi, ikageuka kutafuta nyota mwingine. Yaliyofuata yalichukua miaka mingi na yanasimulika kwa maneno machache: fedha zikamponyoka, marafiki wakapungua, chupa ikabaki. Katika nchi iliyomshangilia alifikia kulala katika makao ya watu wasio na nyumba. Aliosha magari. Katika uwanja wa ndege wa Albuquerque alibeba mizigo ya wasafiri, ambao bila shaka wengi wao hawakujua kwamba mikono iliyoinua masanduku yao ndiyo iliyokata tepe katika viwanja vya Ulaya.

Mwaka wa 1989 rekodi yake ya kuruka viunzi na maji ilivunjwa na Mkenya mwingine, Peter Koech, kwa tofauti ambayo hata ukope haupati nafasi ya kupepesa. Rekodi ilikuwa imesimama miaka kumi na mmoja. Aliyeiweka ndiye aliyekuwa hawezi kusimama.

Sasa niungame. Habari hizi ziliponifikia katika miaka ya tisini nilikuwa mtu mzima mwenye kazi na tai shingoni. Sikusikitika. Nilizigeuza kuwa hadithi ya barazani. Watu walipozungumzia vijana wanaopata fedha kwa ghafla, mimi ndiye niliyetangulia kusema, "Mnamkumbuka Rono?" Kisha nilisimulia kuanguka kwake kwa ufasaha mkubwa, nikitua pale panapochekesha, nikamalizia kwa methali za kukejeli maskini aliyepata. Wenzangu walitikisa vichwa, nami nikajiona nimewapa mawaidha. Kwa kweli nilikuwa nimewapa mawe.

Ubaya wa kuzoea kurusha mawe ni kwamba mkono haubagui. Miaka hiyohiyo mwalimu wetu wa hesabu naye alikuwa ameanguka. Tembo la mnazi lilimshinda, kazi ikamtoka, mke akarudi kwao. Siku moja nilikuwa kituo cha matatu mjini Malindi, nikasikia jina langu likiitwa kwa namna aliyokuwa akiliita yeye peke yake, kwa kuvuta silabi ya mwisho. Niligeuka nikamwona ng'ambo ya barabara, shati limefunguka vifungo, ameinua mkono na kutabasamu. Mtu aliyenifundisha kuhesabu hadi nane! Ilinipasa kuvuka, nimwamkie shikamoo, nimnunulie angalau chai. Badala yake niliinamia gazeti langu kana kwamba sikusikia, nikapanda gari la kwanza lililojitokeza. Sikumwona tena. Habari za kifo chake nilizipata akiwa amekwisha kuzikwa miezi kadhaa.

Atainuka msomaji aseme: mwandishi, usitubebeshe mizigo ya watu. Hakuna aliyemshika Rono akammiminia pombe kinywani. Ni kweli, wala yeye mwenyewe hakusema kinyume. Katika kitabu cha maisha yake, kilichochapishwa mwaka wa 2007, aliueleza ulevi wake waziwazi. Mtu mzima hujibu kwa matendo yake. Lakini mimi leo sizungumzii mzigo wake yeye. Huo aliubeba, tena hadharani. Nazungumzia mzigo wetu sisi tuliokuwa chini tukitazama juu.

Maana hebu tujiulize tulikuwa tukipenda nini. Nilipobandika ile picha daftarini nilidhani nampenda Henry Rono. Ukweli ni kwamba nilipenda sekunde. Nilipenda namna jina la Kenya lilivyotamkwa na watangazaji wa kigeni. Nilipenda kujiona mrefu zaidi kwa sababu mtu mwingine amekimbia. Huo ni upendo wa mpangaji kwa nyumba: paa likianza kuvuja, anahama. Ndiyo sababu sifa tunazowapa watu mashuhuri hufanana na nguo ya kuazima. Humpendeza mtu maadamu mwenyewe hajaitaka, na sisi huitaka siku ileile anayoanza kutetemeka kwa baridi.

Tumewahi kuyaona haya zaidi ya mara moja. Robert Wangila alituletea dhahabu ya ndondi kutoka Seoul mwaka wa 1988, akafariki Las Vegas mwaka wa 1994 kwa majeraha ya ulingoni, akiwa na miaka 26. Samuel Wanjiru alituletea dhahabu ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki kutoka Beijing mwaka wa 2008, na mwaka wa 2011 akafariki nyumbani kwake Nyahururu baada ya kuanguka kutoka roshani, akiwa na miaka 24. Kila mara tulilia, tukahutubia makaburini, tukaahidi. Aliyekufa kijana ni rahisi kumheshimu, hatatuudhi tena. Aliye mgumu kumheshimu ni yule anayeishi baada ya sifa kwisha, anayenenepa, anayenuka pombe, anayetuita jina ng'ambo ya barabara.

Na hapa ndipo nilipokosea zaidi kuhusu Rono. Ile hadithi yangu ya barazani niliikatiza katikati. Sikuwasimulia wenzangu, kwa kuwa sikujishughulisha kujua, kwamba yule mtu aliinuka. Baada ya kuanguka na kujaribu na kuanguka tena, aliacha pombe. Alifundisha shuleni kulekule Albuquerque. Aliwanoa wakimbiaji chipukizi. Alipokuwa mtu mzima alirudi kufanya mazoezi ili aondoe ule mwili wa ulevi. Mwaka wa 2019 akarejea Kenya, nchi aliyokuwa ameiacha kwa miaka mingi mno. Mimi nasema kuacha chupa kulihitaji pumzi nyingi kuliko mita 10,000 za Vienna, kwa kuwa huko Vienna kulikuwa na watu wa kumshangilia. Kwa kazi hii ya pili hakuna aliyemshikia saa, wala hakuna mtoto aliyekata picha yake gazetini.

Baada ya mazishi ya Rono nilisafiri hadi kijijini kwetu. Nilimtafuta binti wa mwalimu wetu, naye sasa ni mama mwenye wajukuu, anauza mbaazi na mahamri kando ya barabara. Nilijitambulisha, nikamwambia nilisomeshwa na babake. Uso wake ukafunga, nikaelewa kwamba alikuwa akijiandaa kusikia jambo alilozoea kulisikia. Nikamsimulia habari za mwembe, gazeti na ubao, na zile sekunde nane tulizozihesabu kwa sauti. Alinyamaza kitambo, akapangusa mikono kwenye leso yake. Kisha akasema, "Ndugu yangu, watu huja hapa wakaniambia babangu alivyokuwa akinywa. Wewe ndiwe wa kwanza kuja kuniambia alivyokuwa akifundisha."

Sikumweleza habari za kituo cha matatu. Nilikusudia kumweleza, ila ulimi ulikuwa mzito, nami naona afadhali niiungame hapa kuliko kuificha kabisa. Alinifungia mahamri manne akakataa kupokea fedha.

Methali ya wahenga sitaifuta, kwa kuwa ni ya kweli: aliye juu atashuka, na wakati wake ukifika tutakuwa tukimngoja. Nakuomba tu, msomaji, ukimwona anakuja, awe mwanariadha, mwimbaji, mbunge au mwalimu wa kijijini, uitazame kwanza mikono yako. Ukikuta jiwe, litue. Na akikuita jina lako, vuka barabara.