UWANJA WA BARAZA WA ROMA

Katikati ya mji wa Roma, nchini Italia, pana bonde dogo baina ya vilima vya Campidoglio na Palatino. Mgeni afikaye hapo huona nguzo zisizo na paa, kuta zilizobomoka, na barabara ya mawe iliyolika kwa nyayo za watu. Mahali hapo huitwa Foro Romano, nao ndio uwanja wa baraza wa Warumi wa kale.

Hapo kwanza bonde hilo lilikuwa kinamasi. Warumi walichimba mfereji mkubwa, Cloaca Maxima, ukayachukua maji mpaka mto Tevere. Ndipo watu wa vilimani walipopata mahali pa kukutana. Hapo walifanya biashara, walisikiliza kesi, waliabudu miungu yao, na kujadili mambo ya nchi hadharani.

Zamani sheria za Roma hazikuandikwa. Zilikuwa vichwani mwa wakubwa, na mnyonge hakuweza kujua haki yake. Watu walinung'unika hata, yapata mwaka 450 kabla ya Kristo, sheria zikaandikwa katika vibao 12 na kuwekwa uwanjani, kila mtu apate kuziona.

Mbele ya jengo la Seneti palikuwa na jukwaa la wasemaji, lililopambwa kwa omo za merikebu zilizotekwa vitani mwaka 338 kabla ya Kristo. Juu yake alihutubia Cicero, msemaji mashuhuri. Kwa kuwa alimshutumu Marcus Antonius, aliyekuwa na nguvu nyingi, aliuawa mwaka 43 kabla ya Kristo, na kichwa chake kikatundikwa katika jukwaa lile lile. Mwaka uliotangulia, maiti ya Julius Caesar ilichomwa moto uwanjani humo. Wasomaji wa Kiswahili wanakijua kisa cha Caesar katika mchezo wa Shakespeare, uliofasiriwa na Mwalimu Julius Nyerere na kuchapishwa mwaka 1963.

Baadaye watawala wakawa makaisari. Waliupamba uwanja kwa mahekalu na matao, kama tao la Septimius Severus la mwaka 203, ambalo lingali limesimama. Lakini raia hawakuwa tena na neno katika mambo ya nchi. Dola ilipoanguka, mawe yalichukuliwa kujengea nyumba nyingine, udongo ukafunika yaliyosalia, na ng'ombe wakalishwa juu yake. Jengo la Seneti liliokoka kwa sababu lilifanywa kanisa katika karne ya 7. Wachimbuzi waliufukua uwanja katika karne ya 19, na mwaka 1899 Giacomo Boni aligundua jiwe lenye maandishi ya Kilatini cha kale sana.

Mgeni hulipa kiingilio langoni. Yafaa avae viatu imara na kuchukua maji, maana jua la kiangazi ni kali na vivuli ni vichache. Asiye na fedha aweza kupanda Campidoglio, akautazama uwanja wote kutoka juu bila malipo.