JIHADHARI NA FUL: IJUE KASORO YA G6PD

Wengi wetu tuliohamia Uarabuni tumeshazoea ful ya asubuhi kwa mkate na mafuta ya zeituni. Ni chakula kizuri. Lakini mtoto akila ful, kisha siku moja au mbili baadaye ukamwona amepauka, macho ya manjano na mkojo mweusi kama chai ya rangi, usingoje kesho. Mkimbize hospitali, kwani huenda chembe zake za damu zinavunjika.

Chanzo ni jeni (sio jini, ingawa wapo wanaoanzia kwa mganga!) iitwayo G6PD. Jeni ni maelekezo ya kurithi ambayo mwili huyafuata kutengeneza protini. Hii hutengeneza protini yenye jina hilo hilo, ambayo kazi yake ni kuzikinga chembe nyekundu za damu zisiharibiwe na kemikali kali. Chembe nyekundu hazina kiini, hivyo protini hiyo ikichakaa haziwezi kuunda nyingine. Mwenye kasoro anaweza kuishi miaka mingi bila kujua, mpaka akutane na kichochezi.

Inakadiriwa watu milioni 400 duniani wanayo, hasa wenye asili ya sehemu za malaria, kwa sababu kasoro hii humkinga mtu kiasi dhidi ya malaria kali. Aina iliyoenea Afrika kwa kawaida ni nafuu kuliko ile ya Uarabuni. Familia zetu nyingi zina damu ya pande zote mbili, kwa hiyo usijipime kwa binamu yako aliyekula ful akasalimika.

Jeni hii imo katika kromosomu ya X. Mwanamume anayo X moja tu, aliyopewa na mama, ndiyo maana wavulana huathirika zaidi. Mama mwenye X moja yenye kasoro huenda asiumwe maisha yake yote, lakini kila mtoto wake wa kiume ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi.

Vichochezi vingine ni maambukizo yenye homa, na dawa kama dapsoni, nitrofurantoini na primakwini ya malaria, ambayo ndiyo iliyowafikisha watafiti wa Marekani kwenye kasoro hii mwaka 1956. Zipo pia zile tembe nyeupe za naftalini tunazoweka kabatini kufukuza wadudu wa nguo. Usizitie kwenye nguo za mtoto. Na hina! Bibi atanuna, najua, lakini mtoto mchanga mwenye kasoro akipakwa hina anaweza kuishiwa damu kwa hatari kubwa. Mtoto akizaliwa akapata manjano, uliza kama amepimwa G6PD.

Kipimo ni cha damu tu. Ila kikifanywa wakati wa shambulio, huweza kuonyesha mtu ni mzima, kwa kuwa chembe dhaifu zimeshakufa na zilizobaki ni changa. Mwombe daktari akirudie baada ya miezi mitatu hivi. Ukithibitika, andika "G6PD" kwenye karatasi uweke katika pochi yako. Iwe Muscat au London, daktari atazielewa herufi hizo kabla hajakuandikia dawa.