The Time Machine (riwaya)

The Time Machine (kwa Kiswahili: "Mashine ya Wakati") ni riwaya fupi ya bunilizi ya kisayansi iliyoandikwa na mwandishi Mwingereza H. G. Wells na kutolewa kama kitabu mwaka 1895. Inasimulia safari ya mtu aliyebuni mashine ya kumpeleka katika nyakati zijazo, hadi mwaka 802,701. Riwaya hii ndiyo iliyoeneza wazo la mashine ya wakati katika fasihi ya dunia, lakini kiini chake ni swali la kijamii: itakuwaje ikiwa pengo kati ya matajiri na wafanyakazi litaachwa likue kwa maelfu ya miaka?

Mwandishi na usuli

Herbert George Wells alizaliwa Bromley, Uingereza, tarehe 21 Septemba 1866. Baba yake alikuwa na duka dogo na pia alicheza kriketi ya kulipwa. Mama yake alikuwa msimamizi wa watumishi katika jumba la kifahari la Uppark, Sussex. Jumba hilo lina njia za chini ya ardhi zinazounganisha nyumba kuu na majengo ya jikoni na mazizi ya farasi, ambazo watumishi walizitumia kufanya kazi zao bila kuonekana na mabwana zao. Wachambuzi wengi huhusisha njia hizo na ulimwengu wa chini unaoelezwa katika riwaya.

Akiwa kijana, Wells alifanya kazi ya uanagenzi katika duka la nguo, kazi aliyoichukia. Mwaka 1884 alipata nafasi ya kusoma sayansi huko South Kensington, London, ambako alifundishwa biolojia na Thomas Henry Huxley, mtetezi mashuhuri wa nadharia ya mageuko ya Charles Darwin. Huko alijifunza kwamba mageuko si lazima yalete maendeleo: kiumbe kisichohitaji tena nguvu au akili kinaweza kuzipoteza.

Mwaka 1888 Wells alichapisha katika jarida la wanafunzi hadithi iitwayo The Chronic Argonauts, iliyohusu pia chombo cha kusafiria katika wakati. Aliliandika upya wazo hilo mara kadhaa. Mwaka 1895 riwaya ilitoka kwa sehemu katika jarida la The New Review, kisha ikatolewa kama kitabu London na New York mwaka huohuo.

Muhtasari wa hadithi

Mhusika mkuu hatajwi kwa jina; anaitwa tu Msafiri wa Wakati. Akiwa nyumbani kwake Richmond, karibu na London, anawaeleza wageni wake kwamba wakati ni kipimo cha nne, pamoja na urefu, upana na kimo, na kwamba mtu anaweza kusafiri ndani yake. Wageni hawamwamini. Wiki iliyofuata anawatokea amechoka, amechafuka na anachechemea, kisha anawasimulia aliyoyaona.

Mashine yake haikuhama mahali. Ilihama wakati tu. Katika mwaka 802,701, bonde la mto Thames limekuwa kama bustani kubwa yenye majumba yaliyochakaa. Wanaishi humo Waeloi, watu wadogo, wazuri na wapole, wanaokula matunda na kucheza mchana kutwa. Hawafanyi kazi, hawasomi, na wanaogopa sana giza. Msafiri anamwokoa mmoja wao, Weena, asizame mtoni huku wenzake wakitazama tu, na wawili hao wanakuwa marafiki.

Mashine yake inapoibwa, Msafiri anagundua kwamba chini ya ardhi wanaishi viumbe wengine, Wamorlock, weupe wenye macho makubwa, wanaoendesha mitambo gizani. Usiku hupanda juu kuwawinda Waeloi na kuwala. Msafiri na Weena wanakwenda kwenye jengo lililokuwa jumba la makumbusho, ambako vitabu vyote vimeoza, na kupata humo kiberiti na kafuri. Wakati wa kurudi, moto aliouwasha kuwazuia Wamorlock unateketeza msitu, na Weena anapotea humo.

Baada ya kuipata mashine yake, anasonga mbele zaidi ya miaka milioni 30. Anakuta ufuko wa bahari wenye kaa wakubwa, na jua jekundu lisilo na joto la kutosha. Anarudi nyumbani akiwa na maua mawili meupe aliyotiwa mfukoni na Weena. Kesho yake anaondoka tena, na harudi.

Maudhui

Msafiri anabadilisha maelezo yake mara kwa mara kadiri anavyoona mapya. Kwanza anadhani Waeloi ni watu waliomaliza shida zote, wakadhoofika kwa kukosa la kufanya. Baadaye anaona kwamba Waeloi ni wazao wa matajiri, na Wamorlock ni wazao wa wafanyakazi waliosukumwa kuishi na kufanya kazi chini ya ardhi. Mwishowe anatambua kwamba mambo yamegeuka: Wamorlock wanawavisha na kuwatunza Waeloi kama mfugaji anavyotunza mifugo ya kuchinjwa.

Kwa njia hiyo Wells hakutabiri tu mambo yajayo. Alichukua hali ya Uingereza ya siku zake, ambako wengi walifanya kazi katika vyumba vya chini na viwanda visivyo na mwanga, akaipeleka hadi mwisho wake. Hakuna kundi linaloshinda katika hadithi, kwa kuwa yote mawili yamepoteza utu.

Sura ya jua linalokufa inatokana na fizikia ya karne ya 19. Wanasayansi hawakujua bado kwamba nishati ya jua hutokana na myeyungano wa viini vya atomu, hivyo walidhani jua lingepoa baada ya mamilioni ya miaka. Leo inakadiriwa kwamba litaendelea kuwaka kwa takriban miaka bilioni 5. Wazo la wakati kama kipimo cha nne lilitangulia nadharia ya uhusianifu ya Albert Einstein ya mwaka 1905, ingawa maelezo ya Wells si ya kihisabati.

Athari

Wells hakuwa wa kwanza kuandika kuhusu chombo cha aina hii. Mhispania Enrique Gaspar alifanya hivyo mwaka 1887. Hata hivyo, ni riwaya ya Wells iliyosomwa kote duniani. Filamu ya mwaka 1960 iliyoongozwa na George Pal ilipata tuzo ya Oscar kwa madoido maalumu. Filamu nyingine ya mwaka 2002 iliongozwa na Simon Wells, kitukuu cha mwandishi. Mwaka 1995 Stephen Baxter alitoa mwendelezo wake, The Time Ships.