Neno "Porridge" na Chungu cha Wahaya

Mwalimu afundishaye Kiingereza katika Bukoba au Muleba hukutana mapema na neno "porridge", akalifasiri "uji", akaendelea mbele. Tafsiri hiyo si ya uongo, lakini ni fupi mno. Maana kamusi huutaja ugali nao kwa neno lilo hilo, zikiongeza tu ya kuwa ni mgumu. Basi barua iwaambiayo marafiki wa ng'ambo kwamba watoto wa shule hupewa "porridge" saa sita haionyeshi kama walikunywa kikombe cha uji au walikula wakashiba. Naye Mskoti akiisoma atafikiri oti, nafaka ya nchi za baridi. Wazee wa kwao hata walilitaja neno hili kwa wingi, kama sisi tusemavyo "maziwa haya". (Mitaani Uingereza, "kufanya porridge" ni kutumikia kifungo gerezani, hilo tuliache.)

Asili ya neno ndiyo yenye faida kwetu. Lilitokana na "pottage", neno la kale lenye maana ya mboga, nyama au kunde zilizotokoswa katika chungu kimoja hata zikawa nzito. Biblia ya Kiingereza ya 1611 yatumia "pottage" kwa chakula cha dengu ambacho kwa ajili yake Esau aliuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza. Maana ya unga uliokorogwa motoni ilishika nguvu baadaye.

Basi maana iliyosahauliwa yakaribia chungu cha Wahaya kuliko ile ya sasa. Ebitoke, yaani ndizi za kupika, humenywa zikiwa mbichi, zikatiwa chunguni, mara nyingi pamoja na maharage, zikapikwa hata zilainike. Si uji, kwa kuwa hamna unga. Wala si ugali, kwa kuwa hakuna kusonga. Mama wa Kihaya akiambiwa kwamba amepika "porridge" ataona amedharauliwa, nasi twadhani ana haki.

Tangu mnyauko wa migomba utambuliwe Muleba mwaka wa 2006, jambo hili si la kamusi tu. Palipokufa migomba, mihogo na mahindi vilizidi kutegemewa. Mtoto asemaye, "Jana hatukula chakula," huenda alikula ugali akashiba, maana kwao chakula hasa ni ndizi. Na huenda kweli alilala njaa. Mwalimu hana budi kumwuliza kilichokuwa chunguni kabla hajaandika neno lo lote daftarini. Nasi twaona afadhali uji na ugali viandikwe kwa majina yao hata ndani ya Kiingereza, na ebitoke vivyo hivyo, kama Waganda walivyoliacha "matooke" katika Kiingereza chao bila kulifasiri.