Kiazi kikuu ni futari, si dawa ya sukari

Juzi alinijia jirani yangu hapa Kitengela, mama wa makamo mwenye asili ya Lamu, mgonjwa wa sukari wa miaka mingi. Mkononi ana mkebe wa unga. Aliyemuuzia kamwambia ni kiazi kikuu cha porini, akiutumia hatahitaji tena vidonge. "Mwanangu, niviache?" akaniuliza.

Nikamwambia, "La, mama. Usiviache."

Sisi watu wa pwani kiazi kikuu twakijua vyema. Ramadhani hupikwa kwa tui la nazi, kikaliwa kwa samaki. Ni mmea wa kutambaa ulioletwa kwetu kutoka Asia. Hupandwa kwa vipande vyenye ngozi, vikapakwa jivu visioze, vikafukiwa kwenye matuta mvua zinapoanza, kisha husimamishiwa miti ya kupandia. Huchukua miezi minane hadi kumi kukomaa. Chapenda mvua ya milimita 1000 na zaidi, ndiyo maana hapa Kitengela chasumbua: mvua haba, na udongo mweusi hutuamisha maji kisha ukapasuka. Mimi nimepanda mashina machache nyuma ya nyumba, kwa samadi ya boma na maji ya kuogea. Aliye Loitokitok, chini ya Kilimanjaro, ana bahati zaidi.

Habari ya dawa nayo ina chanzo chake. Miaka ya 1940, mkemia Mmarekani Russell Marker alichukua viazi vya jamii hii huko Meksiko, akatoa kitu kiitwacho diosijenini, akakigeuza kuwa homoni ya projesteroni. Njia hiyo ndiyo iliyosaidia kupatikana vidonge vya kupanga uzazi. Lakini kazi ile ilifanywa na maabara. Tumbo la mtu haliwezi kuifanya, hata ukila gunia zima. Na homoni ile si dawa ya sukari.

Tena viazi vya porini vingine ni vichungu na vina sumu. Wazee wetu wakati wa njaa walivikata vipande, wakaviroweka siku kadhaa wakibadilisha maji, ndipo wakala. Unga wa mkebe, nani ajuaye uliroweka?

Hata kile kizuri cha futari ni wanga, hupandisha sukari. Mgonjwa ale kidogo, na vidonge vyake aendelee navyo mpaka daktari aseme vinginevyo. Dini yetu yatuhimiza kujitibu, haituambii tumwamini kila mwenye mkebe.

Mama yule aliniachia unga wake. Wiki hii, inshallah, nampeleka kliniki kupimwa.